Kwa Nadjma Haichemki

Mikidache alisema neno lile huku mdomo umejaa sambusa, kwa hiyo huenda hakulipima.

"Ajabu," alisema. "Kwa Nadjma haichemki."

Kouraichia alikuwa amesimama nyuma yake na birika la chai. Alimimina kikombe mpaka ukingoni, akatia sukari, akakoroga, akakiweka kuliani mwa mumewe taratibu, kama mwanamke ambaye hajasikia kitu. Kisha akaenda jikoni, akachukua chapati iliyopoa, akaitafuna kavu, ingawa shibe ilikuwa imeshamfika kooni.

Kwa Nadjma haichemki! Angesema kwa Nadjma wali ni mwororo, angevumilia. Wali una mchele wake na una siku zake. Angesema kwa Nadjma kuna upepo, sawa, Nosy Be ni kisiwa na upepo haupikwi na Nadjma. Lakini laptopu ni ile ile moja. Inasafiri na Mikidache kwenye mkoba wake wa ngozi, inapanda gari la masafa mpaka bandari ya Ankify, inavuka kwa mashua mpaka Hell-Ville kisiwani, inakaa kwa mke mdogo, halafu inarudi Mahajanga kwa mke mkubwa. Inakuwaje kitu hichohicho kitulie kule kama binti wa watu, na kikivuka tu kizingiti cha nyumba yake ya mtaa wa Mahabibo kianze kunguruma?

Maana ilikuwa inanguruma kweli. Mikidache alikuwa mpiga picha za harusi. Harusi za Wakomori wa Mahajanga zilikuwa zake karibu zote, na huko Nosy Be alipata za wenyeji, na mara mojamoja ya wazungu waliokwenda kuoana pekupeku mchangani kule Nosy Sakatia. Kupiga picha ni kazi ya jioni moja. Kukata na kuunga filamu mpaka bibi harusi aonekane anacheka pale alipokuwa amenuna, hiyo ni kazi ya wiki na wiki, na yote ilifanyika ndani ya laptopu ile nyeusi iliyochakaa, iliyokuwa imekwisha kung'oka herufi kadhaa kama mzee aliyeng'oka meno.

Sasa ilikuwa imezeeka vibaya. Akiibonyeza asubuhi, Mikidache alipata nafasi ya kunywa chai, kupiga mswaki na kugombana na mtu kabla haijafunguka. Picha zilikwenda kwa kuchechemea. Bibi harusi akiinua mkono kupunga, mkono ulibaki juu mpaka mtu akamwonea huruma. Feni ya ndani ilipiga kelele, tumbo la mashine likawa la moto wa kupigia kanzu pasi, kisha, pap! Giza. Na filamu ya binti wa mzee Bourhane ilikuwa inangojwa na ukoo mzima, wa huku na wa Moroni.

"Ikiendelea hivi," Mikidache alisema akinyoosha mkono kwenye sambusa nyingine, "mimi nitakuwa naja hapa kupiga picha tu. Kukata na kuunga nitafanyia Nosy Be."

"Yaani utahamia kule."

"Nani kasema kuhama, Mama Rahamatou? Ni kazi tu."

Kazi tu. Kouraichia alijua hesabu ya mambo hayo bila kufundishwa. Nyumba ile ya Mahabibo ilikuwa yake, aliachiwa na mama yake, kama mila ya kwao inavyotaka: mwanamke ana nyumba, mwanamume anakuja na sanduku. Mikidache alikuwa na milango miwili ya kuingia na hakuwa na hata mmoja wa kufunga. Tangu aanze kazi hii, sanduku lake ndilo laptopu. Ilipo laptopu, Mikidache yupo. Ikikaa Nosy Be, yeye Kouraichia atabaki na mume wa jioni moja, tena jioni ya harusi ya watu.

Na kilichomuuma zaidi ni kwamba mashine ile aliitunza kuliko mgeni. Aliishonea mto wa mahameli mwekundu, akaujaza sufi, akaudarizi maua pembeni. Mikidache akifanya kazi, laptopu ilikaa juu ya mto huo, imezama humo vizuri kama mwali, na Kouraichia alipita na kuirekebishia mto ubavuni ili isichubuke. Huyo Nadjma angeweza kushona mto ule? Vidole vile?

Vidole vya Nadjma alivijua. Hawajawahi kukutana, lakini alivijua. Mikidache akienda msikitini adhuhuri, Kouraichia alikuwa anafungua mashine mwenyewe. Alijifunza kwa kumtazama mumewe vidole, kama alivyojifunza mapishi. Ndani kulikuwa na picha za Sakatia, na katika hizo, moja ya Nadjma, amesimama majini mpaka magotini, anacheka, uso umepakwa liwa la manjano kwa vitone na maua. Kouraichia alileta jiwe lake la kusagia na kijiti cha liwa, akakaa mbele ya picha hiyo, akasaga liwa lake papo hapo mezani, akajipaka maua makubwa kuliko ya yule, akajitazama kiooni, akamtazama Nadjma, akajitazama tena. Kisha akakuza picha apate kuona hereni. Zilikuwa za dhahabu. Nani alizinunua?

Jirani yake Hadjira, ambaye hakuwahi kusikia jambo akalikosa jibu, alikuwa ameshamwambia zamani tatizo ni nini.

"Kitu kinachotulia kwa mwenzio na kuchemka kwako," alisema, ameziba mdomo kwa ncha ya leso ingawa walikuwa wawili tu, "hicho kimesemwa maneno, shoga. Kimetumwa."

"Kompyuta itumwe?"

"Barua zinatumwa kwa kompyuta, seuze hayo! Fukiza."

Basi Kouraichia alikuwa akifukiza. Kila Mikidache aliporudi kutoka Nosy Be, Ijumaa ya kwanza, waume wakiwa msikitini, alitoa tenga lile la kufukizia nguo, akaweka chetezo chini yake, makaa mekundu na ubani wa soko la Mahabibo, na juu ya tenga akalaza laptopu. Mara ya kwanza aliizima. Hadjira akamkemea.

"Imezimwa itavutaje? Iwashe ivute!"

Ikawashwa, ikavuta. Lo, ilivuta! Feni iliunyonya moshi wote kwa chini na kuutoa kwa ubavuni, kama mzee na kiko chake. Wanawake wale wawili walitazamana wakaridhika.

Ijumaa hii, baada ya lile neno la sambusa, Kouraichia alitia ubani mara mbili ya kawaida. Nadjma atakoma! Mashine ikavuta, ikavuta, ikakohoa, feni ikalia mlio ambao haijapata kuulia, kisha kila kitu kikanyamaza. Alibonyeza. Hakuna. Akabonyeza kwa kidole kingine, labda hicho kina baraka. Hakuna.

"Filamu ya Bourhane imo humo," alisema kwa sauti ndogo.

Hadjira alikumbuka kwamba ameacha chungu motoni, akaondoka.

Kwa rehema ya Mungu, Mikidache baada ya sala alikuwa na karamu ya uchumba huko Ampisikina mpaka alasiri. Kouraichia aliifunga laptopu ndani ya leso, akachukua na mto wake, akapanda bajaji, akaipakata njia nzima kama mtoto mwenye homa. Na njiani, hofu ilipopungua kidogo, alipata wazo tamu. Fundi ataifungua. Fundi ataona uchafu uliotoka Nosy Be. Atasema kwa kinywa chake: bibi, hii imeharibiwa huko ilikotoka. Na yeye atamleta Mikidache asikie.

Djaffar, fundi wa simu na kompyuta, alikuwa na kibanda karibu na soko. Alikuwa fundi tangu enzi za redio za kaseti, na maneno yake yalikuwa mengi kuliko skrubu zake. Aliiweka laptopu mezani, akaizunguka, akainusa. Akaacha kuzungumza, jambo ambalo wateja wake hawakulizoea.

"Mama Rahamatou, inalala wapi hii?"

"Inalala pazuri. Kwenye mto wake huu hapa." Akautoa kwa fahari.

Djaffar aliutazama mto, akaugeuza, akaubonyeza mpaka mkono ukazama. Akaipindua laptopu akamwonyesha matundu ya tumboni.

"Haya ndiyo mapua yake. Inavutia hewa huku. Wewe umeilaza kifudifudi juu ya sufi. Mimi nikulaze hivyo, utapumua?"

"Nilidhani inapenda ulaini."

"Inapenda meza ngumu na nafasi chini yake. Haya, na huu moto wa siku zote, mto hautoshi kuueleza. Tuione."

Alitoa skrubu moja moja, akainua bamba la chini. Kouraichia akajongea kiti. Djaffar akashika kibano, akachomoa feni, na pale feni inapotolea hewa, kwenye vile vibati vyembamba vilivyopangwa kama meno ya kitana, palikuwa pamezibwa kabisa na kitu kama zulia. Alikibandua. Kikatoka kizima, kimekakamaa.

"Salaala! Mashine hii ilikwenda maulidi?"

Harufu ilijaa kibanda. Kouraichia alitazama dari.

"Ubani," Djaffar alisema. "Na huu unga wa manjano hapa juu..." Akaugusa, akauonja kwa ncha ya ulimi. "Liwa. Mtu anasaga liwa mbele ya mashine hii, na anasaga mara nyingi. Sijui anakuwa anatazama nini."

"Vumbi la barabarani hilo."

"Barabara gani inanukia hivi? Niambie nihamie."

Kouraichia alijifunga leso upya, na haikuwa imefunguka. Ile safari ya bajaji na wazo lake tamu vilikuwa vinamrudia usoni. Atamleta Mikidache asikie nini sasa? Kwamba mkewe ameiua laptopu kwa ubani, tena akiwa anaipekua? Huyo atafunga mkoba leo leo, na Nosy Be itampokea kwa vigelegele.

"Ngoja," Djaffar alisema. Alikuwa amelishika lile zulia mbele ya taa, analitazama kwa ubavu. "Hili lina tabaka. Njoo uone. Hapa juu ubani wako."

"Wangu nani kasema?"

"Ubani wa mtu. Chini yake kuna jingine, jeusi, la mafuta. Nusa."

Kouraichia akanusa. Haikuwa harufu ya Mahabibo. Ilikuwa udi, udi mzuri, na juu ya udi ua zito tamu ambalo hakuna mtu wa pwani hii asiyelijua: ilangilangi, ile inayochemshwa mafuta Nosy Be mpaka kisiwa kizima kinanukia kama shingo ya bibi harusi.

"Na chini ya hilo, ubani tena," Djaffar aliendelea akibandua kwa ukucha. "Kisha ilangilangi. Kisha ubani. Kama keki! Nimefungua mashine nyingi, nimekuta mende, nimekuta wali, sijakuta hii."

Kouraichia hakusikia habari za mende. Alilichukua lile zulia mkononi mwa fundi, akalinusa tena tabaka la chini, polepole, kama mtu anayesoma. Miaka yote alimwona Nadjma anacheka ndani ya maji ya Sakatia, hana habari na mtu, hata hajui kama Mahabibo iko duniani. Kumbe! Kumbe huyu mwanamke, kila laptopu ikifika kutoka Mahajanga, naye anatoa tenga lake. Naye anatia makaa. Anamfukiza nani kama si Kouraichia? Anaogopa nini kama si Kouraichia?

Uso ulimchanua akaonekana wa miaka ishirini nyuma.

"Itapona?" aliuliza.

"Itapona. Haikufa, ilijizima isiungue." Djaffar alipiga brashi, akafuta vibati kwa pamba na spiriti mpaka vikang'aa. Akafunua shaba iliyofunika kichwa cha mashine, akakwangua ukoko mkavu uliokuwa hapo, na mahali pake akapaka dawa nyeupe, laini, kwa kipande cha kadi. "Hii ndiyo inapeleka joto nje. Ilikuwa imekauka."

"Kumbe nayo hupakwa liwa."

"Hupakwa. Lakini ndani, Mama Rahamatou, na ninapaka mimi."

Alipoifunga na kuiwasha, ilifunguka kabla Kouraichia hajamaliza bismillahi. Djaffar akaonyesha umati wa programu zilizokuwa zinaamka pamoja na mashine bila kuitwa, akazizuia moja moja. Akatikisa kichwa.

"Na ndani pamejaa. Mumeo apunguze picha, itakwenda mbio zaidi."

"Futa zile za Sakatia."

"Mimi nasafisha mashine tu," alisema Djaffar. "Ndoa fanyeni wenyewe."

Kouraichia aliketi kwenye benchi la nje ya kibanda. Nambari ya Nadjma alikuwa nayo siku nyingi. Aliichukua kwenye simu ya mumewe na kuiandika kwa jina la Mama Samaki. Hakuwahi kuipiga. Sasa alipiga kabla moyo haujabadilika.

"Halo, nani mwenzangu?" Sauti ilikuwa nyembamba, nzuri. Hilo lilimuuma kidogo.

"Mimi Kouraichia wa Mahajanga."

Sauti ilijiweka sawa. Kisha, kwa Kikomori cha adabu kabisa: "Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nadjma, unafukizia udi gani?"

"Udi? Udi upi?"

"Huo uliomo ndani ya feni. Nimeushika mkononi. Mzuri sana, ila umezidisha ilangilangi."

Huyo Nadjma akapasuka kicheko, kile kile cha kwenye picha, na Kouraichia, aliyekuwa amekusudia kununa, akajikuta anacheka naye.

"Dada, nisamehe! Na wewe ubani wako ulikuwa unanipasua kichwa kila mkoba ukifunguliwa. Nikasema huyu mke mkubwa ananitumia kitu."

"Mimi nikutumie nini? Wewe una bahati, kwako haichemki."

"Kwangu?" Kicheko kilikatika. "Kwangu inazima kila baada ya muda mfupi, dada! Wiki mbili alizokuwa hapa nimeiwekea mpaka feni kubwa ya mezani. Kwako ndiko haichemki. Kasema mwenyewe."

"Kasema nani?"

"Mikidache! Alikuwa hapa, anakula pweza wa nazi, kanitazama machoni: Ajabu, kwa Kouraichia haichemki. Labda itabidi kazi ya kukata nikaifanyie Mahajanga. Basi nikampikia pweza karibu kila siku mpaka anaondoka."

Kouraichia aliziona sambusa. Aliziona zote, tangu ya kwanza, zimepangwa mstari kutoka Mahabibo mpaka bandarini.

"Mimi sambusa," alisema.

"Za nyama?"

"Za nyama."

Wanawake wawili, huyu barani na huyu kisiwani, walikuwa sasa kama watu waliosimama mbele ya mwizi mmoja.

"Tumwache na vitafunio vyake?" Nadjma aliuliza.

"Hata kimoja. Wewe usifukize, mimi nisifukize. Na akisema tena neno hilo, unanipigia." Kisha Kouraichia akashindwa kujizuia. "Nadjma. Zile hereni za Sakatia."

"Za mama yangu, dada. Kwa nini? Umezionaje?"

"Nilisikia tu."

"Mh," alisema Nadjma. "Na ile picha yako umejifunga salova ya zambarau, mimi nimeisikia vilevile. Naisikia kila Mikidache akienda msikitini, mpaka mashine inazima. Kiuno kile, dada! Ni ya juzi?"

Ilikuwa ya zamani, kabla binti yake Rahamatou hajaolewa, na kiuno kile kilikwisha kwenda na hakikuaga.

"Si ya zamani sana," alisema Kouraichia, akakata simu akiwa na furaha ambayo hakumwambia mtu, hata Hadjira.

Mikidache aliporudi alasiri alikuta laptopu mezani, imeinuliwa juu ya vibakuli vilivyopinduliwa, mto haupo. Mto ulikuwa uani, Kouraichia ameukalia, anasaga liwa. Mezani hakukuwa na sahani.

"Djaffar kaisafisha," alisema bila kugeuka. "Kama unataka kukata na kuunga Nosy Be, nenda, sikukatazi. Ila Nadjma anasema na kwake inachemka vilevile."

Mikidache alisimama na mkoba begani.

"Nadjma kasema... umesema na Nadjma?"

"Anakusalimu. Anasema pweza wamekwisha baharini."

Mwanamume alifungua mdomo, akautazama mlango wa mbele, na ulikuwa wa Kouraichia. Akaufikiria ule wa pili, ng'ambo ya maji, na ulikuwa wa Nadjma. Akaufunga mdomo, akaketi, akaanza kazi.

Ilikwenda. Binti wa Bourhane aliinua mkono, akapunga, akaushusha kwa wakati wake kama binadamu. Feni haikusikika. Mikidache alifanya kazi mpaka akasahau kwamba ana kesi, akapitisha kiganja chini ya mashine, akatikisa kichwa kwa mshangao.

"Imepoa," alisema peke yake. "Imepoa kuliko..."

Uani, kijiti kilisimama juu ya jiwe. Kouraichia alikuwa amelihamishia jiwe lake mbali na mashine, kwa kukumbuka maneno ya fundi, ila si mbali kiasi cha kutokuona kioo chake, wala kutosikia.

"Kuliko wapi, Baba Rahamatou?"

Mikidache alitazama mkono wake uliokuwa chini ya laptopu.

"Kuliko jana," alisema.

Kijiti kikaendelea kusaga.